Redio ya Taifa Kubwa Inapofika Kijijini

Mazungumzo haya yalitolewa Lubumbashi mbele ya watangazaji wa redio za jamii na wajumbe wa kamati za amani kutoka Katanga ya Juu, Lualaba na Tanganyika. Tunayachapa karibu kama yalivyosemwa.



Nimeombwa kusema juu ya vyombo vya habari vya serikali za mbali, na namna vinavyosaidia nchi inayoinuka kupata uzito ulimwenguni. Mfano wangu utakuwa China. Nimeuchagua kwa sababu katika miaka 20 iliyopita hakuna nchi nyingine iliyofanya kazi hii katika Afrika kwa mpango mrefu namna hiyo, na kwa sababu ninyi mliotoka Kolwezi na Fungurume mnaamka kila siku mkiona malori ya kampuni zake. Lakini tangu mwanzo tuelewane. Sitasema juu ya watu wa China. Yule Mchina anayeuza sufuria na viatu sokoni hana redio wala hakutia sahihi mkataba wowote wa madini. Nitasema juu ya serikali, chama kinachoiongoza, na sauti inayosema kwa jina lake.

Tuanze mbali kidogo. Redio Peking, kama ilivyoitwa zamani, ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 1 Septemba 1961. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Iliupata Desemba mwaka ule ule. Miaka ile Peking ilikuwa upande wa waasi wa Kongo. Pierre Mulele alipata mafunzo huko kabla ya kuanzisha vita vya Kwilu. Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka Kisangani kutoka ndege za Marekani, Mao Zedong mwenyewe alitoa tamko la kuwaunga mkono Wakongomani dhidi ya Marekani. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1972 Mobutu na Peking wakafungua uhusiano wa kibalozi. Januari 1973 Mobutu akapokelewa na Mao. Mwaka 1979 Wachina wakamaliza kujenga Jumba la Watu kule Kinshasa, ambamo wabunge wetu wamekaa miaka mingi. Aliyekuwa adui akawa mgeni wa heshima.

Nawakumbusha hayo ili tuone jambo moja. Redio ya serikali hufuata serikali yake inapogeuka. Msikilizaji wa Fizi aliyetumaini kwamba sauti ile ya mwaka 1964 ilikuwa inamsemea yeye, angesubiri sana.

Baada ya hapo sauti hiyo ilibaki ndogo kwa muda mrefu, ya masafa mafupi na makelele mengi. Mabadiliko yalikuja miaka ya 2000. Januari 2006, Redio China Kimataifa ilifungua kituo cha FM 91.9 Nairobi, cha kwanza cha namna hiyo nje ya China. Mwanzoni mwa 2009 gazeti moja la Hong Kong liliripoti kwamba Beijing ilikuwa imetenga yuan bilioni 45 ili vyombo vyake vikubwa vipanuke nje. Januari 2012 televisheni ya taifa, CCTV, ilifungua makao yake ya Afrika, hapo hapo Nairobi. Desemba mwaka huo gazeti la China Daily likatoa toleo la Afrika. Tangu mwisho wa 2016 matangazo ya nje ya televisheni hiyo yanaitwa CGTN, na yako pia kwa Kifaraansa, yaani yanatufikia sisi. Shirika la habari la Xinhua nalo lina ofisi katika miji mikuu mingi ya Afrika, na linatoa habari zake kwa magazeti na redio kwa bei ndogo sana, mara nyingine bure.

Nani anaamuru kazi hiyo yote? Hapa hatuhitaji kubuni. Februari 2016, Raisi Xi Jinping alitembelea ofisi za gazeti la chama, za Xinhua na za CCTV kwa siku moja, akawaambia waandishi kwamba vyombo vya chama na serikali lazima vibebe jina la ukoo la chama. Mwaka 2018 redio na televisheni zote za taifa ziliunganishwa kuwa shirika moja, chini ya idara ya propaganda ya chama. Mimi nasema afadhali kusema wazi namna hiyo. Wako wengine wanaofanya karibu yale yale na hawasemi.

Sasa, msije mkafikiri watu wa Afrika walivipokea vyombo hivyo kwa ujinga. Walikuwa na sababu. Miaka mingi Mkongomani aliyefungua televisheni ya Ulaya alijiona pale mara tatu tu: akikimbia vita na godoro kichwani, akiugua Ebola, au akilia. Mwalimu anayefundisha watoto 80 katika kilasi kimoja bila mshahara hakuonekana. Mama wa Kasumbalesa anayelisha nyumba kwa biashara ya unga hakuonekana. Kisha wakaja watu waliosema: tutaonyesha barabara, shamba, kiwanda na kijana aliyefungua kazi. Nani angekataa? Tena CGTN iliajiri Waafrika wengi, waandishi wenye ujuzi wao, na wengi wao wanafanya kazi nzuri ndani ya mipaka waliyopewa.

Na kuna michezo ya televisheni. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha mchezo wa Kichina uliowekewa sauti za Kiswahili, juu ya msichana Mao Doudou na wakwe zake. Watu waliupenda sana. Machi 2013, Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, aliutaja mchezo huo kwa jina. Hakuna siasa ndani yake: ni magomvi ya nyumbani tu, na mkwe ni mkwe, akiwa Beijing au akiwa Likasi. Lakini raisi wa taifa kubwa hataji mchezo wa televisheni katika hotuba kwa bahati tu. Anayemjua mama mkwe wa nchi fulani haogopi tena nchi hiyo, na mimi sioni ubaya katika hilo.

Ubaya uko mahali pengine. Watu wengi wakisikia neno propaganda wanafikiri uongo. Wanategea sikio wapate uongo, na wasipoupata wanasema: kumbe hawa ni watu wa kweli. Habari nyingi za Xinhua ni za kweli. Daraja limefunguliwa: ni kweli, limefunguliwa. Waziri amesafiri kwenda Beijing: amesafiri. Nguvu ya chombo cha namna hii iko zaidi katika swali lisiloulizwa. Daraja limegharimu kiasi gani, nani atalilipa, kwa madini gani, kwa miaka mingapi, na mkataba uko wapi tuusome? Vivyo hivyo huko kwao: mauaji ya Juni 1989 kule Tiananmen hayakumbukwi katika vyombo hivyo, na hali ya Waislamu wa Uyghur kule Xinjiang huelezwa kwa maneno ya serikali peke yake. Februari 2021 mamlaka ya utangazaji ya Uingereza iliinyang'anya CGTN leseni, ikisema kwamba uamuzi wa mwisho juu ya matangazo uko mikononi mwa Chama cha Kikomunisti. Wiki moja baadaye China ikaifunga televisheni ya BBC.

Ukimya huo unaweza pia kununuliwa. Mwaka 2013, kampuni mbili zenye mizizi katika serikali ya China zilichukua asilimia 20 ya kampuni ya magazeti ya Independent Media, Afrika Kusini. Septemba 2018, mwandishi Azad Essa, aliyekuwa na makala yake ya kila wiki katika magazeti hayo, aliandika juu ya mateso ya Uyghur. Makala ile ilitoka kwenye karatasi, lakini haikuwekwa kwenye intaneti, na safu yake ikafutwa. Kampuni ilisema ni kwa sababu ya mpango mpya wa kurasa. Kila mtu apime mwenyewe. Mimi naona hivi: labda hakuna mtu aliyepiga simu kutoka Beijing. Hapakuwa na haja. Mwenye nyumba akiwa na deni, watoto wake hujifunza wenyewe kutomtaja mwenye kudai.

Nitasimama kidogo kwenye jambo la nyaya na antena, kwa sababu ninyi ni watu wa redio na mnajua kwamba anayeshika kituo cha kurushia ana uwezo kuliko anayeshika kipaza sauti. Kampuni ya StarTimes ni ya watu binafsi lakini inategemezwa na serikali ya China. Iliingia Rwanda miaka ya 2007 na 2008, kisha nchi nyingine nyingi, na ikauza kisanduku cha televisheni kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza. Watu walikinunua kwa ajili ya mpira na sinema. Desemba 2015, katika mkutano wa China na Afrika kule Johannesburg, China iliahidi kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika, na StarTimes ndiyo iliyopewa kazi. Watoto walioona katuni kwa mara ya kwanza ukutani pa shule walifurahi, na mimi nilifurahi kwa ajili yao.

Lakini tazameni majirani zetu wa Zambia. Pale televisheni ya taifa, ZNBC, ilianzisha kampuni ya pamoja na StarTimes ili kurusha matangazo ya dijitali. StarTimes ilichukua asilimia 60, taifa likabaki na 40, na kazi yote ikafanywa kwa mkopo wa dola milioni 273 kutoka benki ya serikali ya China. Tuseme kesho kuna mgomo katika mgodi wa Wachina, na serikali ya Zambia yenyewe haitaki habari itoke. Nani atasema ndiyo au hapana? Sisemi kwamba jambo hilo limetokea. Nasema ufunguo uko kwenye mfuko wa nani. Kule Kenya ugomvi juu ya nani atarusha matangazo ya dijitali, na ndani yake mlikuwamo kampuni ndugu ya StarTimes, ulifanya televisheni kubwa za nchi zizimike kwa karibu wiki tatu mwaka 2015.

Sasa turudi nyumbani. Mnaukumbuka mkataba wa 2007 na 2008, ule uliozaa Sicomines karibu na Kolwezi. Kampuni za China zilipata asilimia 68, Gécamines 32. Madini kwa upande mmoja; barabara, hospitali na majengo kwa upande wa pili. Mwanzo ilikuwa dola bilioni 9, na mwaka 2009 ikapunguzwa hadi 6, kwa sababu Shirika la Fedha la Kimataifa liliogopa deni. Picha za kufungua barabara zilipigwa nyingi. Kisha, Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa serikali yetu ulitoa ripoti: katika bilioni 3 zilizoahidiwa kwa ujenzi, kazi iliyokwisha kufanywa ilikuwa ya dola milioni 822 tu. Ubalozi wa China ukaikataa ripoti. Mazungumzo yakafuata, na Machi 2024 pande mbili zikakubaliana kuongeza fedha za ujenzi hadi dola bilioni 7.

Swali langu kwenu watangazaji: katika miaka ile 15 kati ya mkataba na ripoti, msikilizaji wa Kolwezi alipata wapi habari? Hakuipata kwa sauti ya taifa kubwa, maana hiyo ilikuwa na barabara za kufungua. Mara nyingi hakuipata hata kwa televisheni ya taifa letu. Waliouliza walikuwa watu wa mashirika ya raia hapa Katanga, waandishi wachache wenye moyo, na mwaka 2021 kundi la waandishi wa nchi mbalimbali waliosoma nyaraka za benki zilizovuja, kazi iliyoitwa Congo Hold-up.

Mtaniambia: sisi ni watu wa amani, mikataba ya madini inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Pale ambapo habari haipiti, uvumi unapita. Januari 2015 watu wa Kinshasa waliandamana kupinga sheria ya uchaguzi. Sheria ile haikuandikwa na Wachina. Hata hivyo katika siku zile maduka mengi ya Wachina yaliporwa na kuvunjwa. Waliopoteza walikuwa wafanyabiashara wadogo waliolala nyuma ya duka lao. Mkubwa wa kampuni hakuguswa, na mkataba haukuguswa. Mimi naona hivi: hasira isiyopewa majina, tarehe na hesabu humwangukia yeyote aliye karibu na mwenye sura tofauti. Sisi wa Katanga tulijifunza hayo mwaka 1992 na 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa hapa kama adui, na watu wakajaa kwenye stesheni ya treni Likasi. Sina haja ya kueleza zaidi. Wengine kati yenu mlikuwa pale.

Kwa hiyo naomba tutenganishe vitu viwili ambavyo kwa mbali vinafanana. Sisi watu wa redio za amani tunatafuta habari za kujenga. Tunasimulia juu ya vijiji viwili vilivyopatana, juu ya mchimbaji wa mkono na mlinzi wa kampuni waliokaa meza moja. Vyombo vya China navyo vinasema vinatafuta habari za kujenga. Tofauti ni hii. Kabla ya kusimulia mapatano, sisi tunataja ugomvi: nani alinyang'anywa shamba, nani alipigwa risasi, nani alikunywa maji ya mto yaliyoharibiwa. Mapatano yasiyotaja ugomvi ni rangi juu ya ukuta wenye ufa. Kama redio yetu siku moja itaanza kusimulia mapatano tu, bila mashamba na bila risasi, basi tutakuwa tumejiunga na upande ule bila hata kulipwa.

Tena tusiwe wa upande mmoja. Ufaransa haiwalipi watu wa RFI kwa sababu inapenda muziki wetu. Marekani ilitangaza kwa Kiswahili kupitia Sauti ya Amerika kwa miaka mingi, na Machi 2025 serikali yake yenyewe iliwasimamisha karibu wafanyakazi wote kwa amri moja. Msikilizaji aliyezoea saa ile jioni akakuta kelele. Hilo pia ni somo: sauti ya mwingine huondoka siku mwenyewe anapotaka. Na serikali yetu haikosi sehemu yake. Ilikata matangazo ya RFI mwaka 2009, ikakata tena mwisho wa Desemba 2018 baada ya uchaguzi, na Januari 2025 ikaisimamisha Al Jazeera kwa sababu ya mahojiano na kiongozi wa M23. Kila mlango wa habari ukifungwa, mtu huingia katika ule uliobaki wazi, na mlango ulio wazi siku zote ni ule wa mwenye fedha ambaye haulizi serikali maswali.

Je, watu wanaiamini sauti hiyo mpya? Wachunguzi waliokaa na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Afrika Kusini walikuta kwamba wachache tu waliitazama, na wengi waliishuku. Wako wanaofurahia jibu hilo wakasema fedha zimepotea bure. Mimi siko haraka. Msikilizaji wa kijijini hasikilizi CGTN, anawasikiliza ninyi. Na ninyi, saa kumi na moja asubuhi, hamna mafuta ya jenereta, hamna mwandishi aliyelala Kolwezi, mna dakika kumi za kujaza. Habari ya Xinhua iko pale, imeandikwa vizuri, bila malipo. Mnaisoma kwa sauti yenu, kwa Kiswahili cha hapa. Mama anayesikiliza akipepeta unga hajui imetoka wapi. Anasema: redio yetu imesema.

Sikatazi mtu kuitumia. Redio isiyo na kitu haiwezi kuchagua sana. Ninachoomba ni kwamba ikisomwa, chanzo kisomwe pia, kwa jina lake lote: shirika la habari la serikali ya China. Fanyeni vivyo hivyo kwa habari ya serikali ya Ufaransa, ya Umoja wa Mataifa, na hata ya shirika letu hili, maana sisi nasi tuna wafadhili. Na habari ikigusa mahali mnapoweza kufika kwa miguu au kwa pikipiki, msisome kabla mtu wenu hajafika pale.

Kuhusu safari: baadhi yenu mmeniuliza kama ni vibaya kukubali mafunzo ya Beijing. Tangu 2014 China inawaita waandishi wa Afrika wakae huko miezi kadhaa, wasome na kutembezwa. Nendeni. Mtaona nchi iliyowatoa mamia ya mamilioni ya watu katika umaskini, na jambo hilo linastahili kuonwa kwa macho. Mkirudi, andikeni mliyoyaona, na andikeni pia mahali ambapo hamkupelekwa.

Mchana huu, baada ya chakula, tutasikiliza matangazo mawili juu ya mgodi mmoja: moja la chombo cha serikali ya nje, jingine la redio ya jamii ya hapa. Kila kundi lichukue karatasi mbili. Kwenye ya kwanza mwandike majina ya wote waliosema. Kwenye ya pili mwandike wote waliotajwa lakini hawakuulizwa. Kundi la Kolwezi litaanza kusoma, kwa sababu wanawajua watu hao kwa sura.